Fundi na Kihenge cha Maneno

Fundi hakuweza kupita kibao bila kukisoma kwa sauti. Ukitembea naye Soweto, kule Mbeya, njia fupi inakuwa safari, maana kila ukuta una neno na kila neno lazima lipite mdomoni mwake. "Saluni ya kisasa. Ona hiyo 'sa' ya mwisho, imebanwa kama mtoto wa tano kitandani." Mara moja nilikuwa naye akatoa brashi mfukoni mwa koti, akamrekebishia mtu herufi ukutani bila kuombwa. Mwenye mgahawa akatoka na mwiko wa uji mkononi.

"Mzee, nani kakutuma?"

"Umeandika 'chapati za mto'. Unauza chapati za mtoni?"

Yule mama akatazama kibao chake, akatazama mwiko, akarudi ndani. Baadaye akatuletea chapati, na zilikuwa za moto kweli.

Sitakwambia alizaliwa wapi na baba yake nani. Kuzaliwa kila mtu anaweza. Ninamwita Fundi kama wote wanavyomwita. Jina analo, lakini hata mkewe akimwita mezani anasema Fundi, njoo ule.

Mimi nina nyumba ya wageni Nyololo, kando ya barabara kuu ya Iringa kwenda Mbeya. Vyumba si vingi, ila mashuka yangu ni meupe na hakuna aliyelala kwangu akaondoka na kunguni. Nilisoma mpaka darasa la nne. Wanangu wakasoma kunizidi, na mjukuu wangu Upendo akawazidi wote, kompyuta anaichambua kama mimi ninavyochambua kuku. Nasema haya kwa kujivuna na sijali.

Fundi alikuja kwangu mara ya kwanza na ndoo mbili za rangi na ngazi ya kuazima. Nilitaka kibao kikubwa. Nikamwambia andika: karibu wageni wote, tuna vyumba safi vya kisasa, chakula kitamu, usalama wa kutosha, maegesho, huduma bora kwa bei nafuu, Mungu ni mwema. Akanisikiliza mpaka mwisho, akashuka ngazi, akauliza, "Mama, mtu akishuka kwenye gari hapa saa kumi na mbili jioni, na baridi hii ya Mufindi, anataka nini?"

"Maji ya moto."

"Basi." Akapanda, akaandika VYUMBA. MAJI YA MOTO. Nilimlalamikia wiki nzima, lakini wageni waliingia.

Ndivyo alivyokuwa kwenye kazi. Maneno ya mteja aliyapunguza kama anayepunguza miche ya mahindi. Na mtu huyo huyo, mpe kiti na chai, ataongea mpaka ukae chini wewe uliyesimama. Nilikuwa namwambia, "Wewe Mnyakyusa unaongea mpaka ndizi zinaiva." Naye ananijibu, "Na ninyi Wahehe mnanyamaza mpaka pombe ya ulanzi inachacha." Utani wetu ulikuwa huo, hatukuubadilisha.

Chai yake ilikuwa sukari iliyoloweshwa. Mkewe alimsema, mimi nilimsema, akasema rangi ya mafuta ilimharibu ulimi zamani, bila sukari nyingi hasikii ladha. Kwa mambo mengine alikuwa mwenye akili sana.

Vibao vya rangi vilipoanza kufa, watu wakachapisha mabango ya plastiki yenye picha za maua ambayo hayaoti hapa, wenzake wengi wakaacha kazi. Yeye akaenda kukaa kwenye duka la kompyuta karibu na kwake, akawa anatazama vijana mpaka wakamzoea. Akatoka huko anatengeneza tovuti. Suruali ilikuwa ile ile yenye madoa ya rangi. Watu wa Mbeya na Iringa wakampa kazi kwa sababu ya madoa yale. Mwenye kinu cha mpunga, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, wachimbaji wa Chunya wanaouza mashine, na mimi.

Tovuti yangu ya kwanza ilikuwa nzuri mpaka niliionyesha kanisani. Ina picha ya lango, ina picha ya kitanda, na maneno yale yale ya kibao, kaongeza moja tu: MAJI YA MOTO SAA ZOTE. Nilimuuliza vipi leo kaongeza, akasema kwenye mtandao nafasi ipo.

Hilo neno moja liliniletea aibu.

Mtambo wa maji uliungua. Fundi bomba akasema kifaa kinatoka Dar, ningoje. Nikampigia Fundi, nikamwambia toa maneno ya maji ya moto mpaka nikwambie. Akasema sawa. Lakini alikuwa Chunya kwenye vumbi, mtandao unakuja na kuondoka. Na tovuti ile, nisikilize vizuri hapa maana ndiyo habari yote, ilikuwa imeshikana maneno na rangi kama chipsi mayai. Huwezi kutoa yai ukaacha chipsi. Neno moja likibadilika, lazima Fundi mwenyewe afungue ukurasa, aguse ndani, na akigusa vibaya picha ya lango inahamia juu ya kitanda. Sisi wenye biashara hatukuweza kugusa. Tulikuwa tunampigia tu. Fundi, toa hili. Fundi, weka lile.

Akaja mama mmoja na mtoto mchanga, wametoka Mbeya, jioni, ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Kafungua bomba, maji kama ya kisimani. Nikamchemshia kwenye sufuria, nikambebea mwenyewe. Alinishukuru, kisha akanionyesha simu yake.

"Bibi, hapa mmeandika saa zote. Kwa nini mnadanganya watu?"

Nimeitwa mkali, nimeitwa bahili, sijawahi kuitwa mwongo. Nilikaa jikoni hata chai haikupita.

Fundi aliporudi kutoka Chunya nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Akasema tu, "Mama, nipe muda. Nataka niwafanyie jambo wote kwa pamoja."

Jambo lenyewe akatuitia Iringa mjini, ukumbi wa kanisa, wateja wake tuliokuwa karibu. Akasimama mbele na chaki. Akaanza vizuri, akaeleza shida ya maneno na rangi kushikana. Halafu akasema, kwa sauti yake ile ya besi ya kwaya:

"Ndugu zangu, dunia sasa inatumia mfumo usio na kichwa. Kichwa tunakikata. Tunabaki na mwili, kichwa tunaweka popote tunapotaka."

Mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mhehe wa Kalenga hasa, akaweka kikombe chini.

"Umesema mnakata nini?"

"Kichwa, mzee wangu."

"Na mnakipeleka popote mnapotaka."

"Ndiyo."

Mzee akachukua kofia yake akatoka. Wengine wawili wakamfuata. Fundi akabaki na chaki mkononi, anatutazama sisi tuliobaki kama mtu aliyepiga hodi nyumba ya msiba akicheka.

Wewe msomaji kama si wa huku nikueleze. Kwetu habari ya kichwa na mwili kukaa mbalimbali si mzaha. Chifu wetu aliyepigana na Wajerumani, kichwa chake kilipelekwa ng'ambo, kikakaa huko miaka mingi sana kabla ya kurudishwa Kalenga. Mtoto wa Iringa anajua hilo kabla hajajua kuhesabu. Kusimama mbele ya wazee ukasema tunakata kichwa tunapeleka tunapotaka, ni Mnyakyusa tu anayeweza.

Nikamfuata kwenye chai.

"Fundi, umewafukuza wazee."

"Nimefanya nini? Ndivyo Wazungu wanavyokiita."

"Na Wazungu ndio waliokichukua."

Akaelewa. Nilimwona akielewa, uso wote ulibadilika. Akataka kumkimbilia mzee barabarani, nikamshika koti. Nikamwambia kaa, nieleze mimi kitu chenyewe, bila vichwa.

Akanieleza. Maneno yote, bei, picha, yanakaa mahali pamoja peke yake, hayana sura. Sura inakaa mbali. Tovuti ikihitaji maneno inayafuata pale, runinga ya mapokezi ikihitaji inayafuata pale pale, na zile programu za simu ambazo wasafiri wanatafutia vyumba, nazo pale pale. Ukibadilisha neno mara moja, linabadilika kote. Na sura ukiichoka unaibadilisha, maneno hayaumii.

"Hicho ni kihenge," nikamwambia.

"Kihenge?"

"Mahindi yako kihengeni. Ukitaka ugali unachukua humo, ukitaka makande humo, ukitaka ya kukobolea humo. Sufuria ikitoboka unanunua nyingine, mahindi yako palepale. Wewe unawaeleza watu habari za vichwa wakati kila mmoja ana kihenge nyuma ya nyumba."

Hakusema asante. Akachukua chaki, akarudi mbele, akachora kihenge na miguu yake minne. Mpaka leo Iringa na Mbeya nzima, wateja wake hawajui jina la Kizungu la kitu hicho. Wanasema kihenge, na jina hilo nimelitoa mimi.

Kesho yake alikwenda dukani kwa mzee kuomba radhi. Mzee akamweka kwenye benchi kati ya mifuko ya saruji mpaka wateja wakaisha, kisha akamwambia, "Mashine yako haijanikosea. Mdomo wako ndio umenikosea." Wakanywa chai. Lakini kihenge mzee alikikataa. Akasema bei zake zinabadilika kila lori linapofika, atakayetaka bei apige simu. Fundi akaniambia mzee yuko sahihi. Alikuwa hivyo, hakumbebesha mtu asichohitaji. Yule mama wa chapati alipotaka na yeye kihenge, Fundi alimwambia weka picha ya chapati kwenye simu yako kila asubuhi, inatosha, mwenye debe moja la mahindi anajengea nini kihenge. Na hakuficha kwamba kitu chenyewe kina taabu. Vitu vya kutunza vinakuwa viwili, kihenge na sura, na sura ikivunjika unahitaji mtu anayeijua. Kwangu mtu huyo alikuwa Upendo. Siku za kwanza, kabla Upendo hajamaliza sura, ukifungua tovuti yangu unaona weupe mtupu. Mteja mmoja akanipigia kuuliza kama nimefunga biashara.

Kazi hiyo ya vihenge akawa anaikimbiza usiku na mchana, na sababu ya haraka yake nilikuja kuijua kwa mkewe. Alinipigia asubuhi moja, nikiwa napepeta mchele.

"Bibi, umegundua Fundi hasomi vibao siku hizi?"

Nikakumbuka. Siku ile Iringa tulipita mtaa mzima wa maduka, hakusoma hata kimoja. Nilidhani ni hasira ya wazee.

"Ni sukari," akasema. "Imeingia machoni. Daktari amesema jicho moja limekwisha, na la pili linakwenda. Ananikataza nisiwaambie. Anasema watu wote wale, maneno yao yamefungwa mikononi mwake, akipofuka watabaki wamefumba midomo. Hakuna atakayeweza kubadilisha hata salamu. Anataka awahi kuwatoa."

Nikaacha ungo. Kumbe kazi yote ile ilikuwa ya kujiondoa. Mtu aliyeishi kwa kuitwa alikuwa anapita nyumba kwa nyumba, Mbeya, Nyololo, Iringa, anafundisha watu wasimwite tena. Na wivu alikuwa nao. Zamani nilipomwita fundi mwingine kupaka herufi mbili tu, alininunia msimu mzima wa mahindi.

Akaja Nyololo kunifundisha. Tukakaa jikoni kwangu, simu mezani. Akasema, "Fungua kihenge." Nikafungua, Upendo alishanionyesha pa kubonyeza. "Sasa andika habari ya maji."

"Andika wewe."

"Siandiki."

"Fundi, mimi ni wa darasa la nne. Niandike niabike?"

"Utaabika kwa nini? Mteja anataka kujua maji yapo au hayapo."

"Nitakosea."

"Kosea."

"Wewe unamsahihisha mama wa watu ukutani kwake kwa ajili ya chapati, leo unaniambia nikosee?"

Akakunja mikono, akaificha makwapani kabisa, kama mtoto anayekataa dawa. Nikamtukana kwa Kihehe. Akanitukana kwa Kinyakyusa. Chai ikapoa. Nikamwambia toka jikoni kwangu, akasema hatoki mpaka niandike.

Nikaandika. Kidole kimoja, herufi moja moja, jasho linanitoka na baridi ile. Niliandika kwamba maji ya moto yako asubuhi na jioni. Nikamwonyesha. Akaisogeza simu karibu na jicho lile lililobaki, karibu kabisa, pua inagusa kioo. Niliona midomo yake inasoma. Niliona imefika mahali ikasimama, kwa hiyo nikajua nimekosea mahali. Mkono ukatoka kwapani, kidole kikanyooka.

Kisha akaurudisha.

"Peleka," akasema.

"Kuna kosa?"

"Peleka, Bibi."

Nikabonyeza. Akasimama akatoka nje, akazunguka banda la kuku, akazunguka tena. Upendo alikuwa uani anaanika mashuka, akaniuliza Babu Fundi ana nini. Nikamwambia mwache, anatafuta choo. Hakuwa anatafuta choo. Alikuwa hawezi kukaa kwenye chumba kimoja na neno lililokosewa.

Baada ya hapo hakuja tena Nyololo. Nilisikia kwa mkewe kwamba alimaliza wote, hata wa Chunya, wa mwisho aliwafundisha kwa kusikiliza, wao wanasoma na yeye anawaambia bonyeza wapi. Simu yake ikaanza kunyamaza, na mkewe anasema hapo ndipo aliposumbuka kweli. Alikuwa anaiweka mapajani. Ikilia anashika haraka, kumbe ni watu wa kampuni ya simu wanatangaza bando.

Mwaka huu nikapanda gari nikaenda Mbeya kumwona.

Nilimkuta Soweto, barazani, amevaa koti lile lile, suruali ya madoa imefuliwa mpaka madoa yamekuwa kama maua. Uso umeelekea barabarani. Nikampita kwa makusudi nikakaa bila kusema neno.

"Kamwene, Bibi," akasema, kwa lugha yetu, kwa matamshi mabaya.

"Umenijuaje?"

"Nani mwingine ananuia kunitisha kwenye kibaraza changu mwenyewe?"

Mkewe akaleta chai bila sukari. Fundi akainywa akakunja uso, hakulalamika. Tukaongea habari za mvua, habari za yule mzee wa Kalenga ambaye sasa anawaambia watu kwamba jina la kihenge amelitoa yeye. Fundi akacheka mpaka akakohoa. Kisha akageuza sikio kwangu.

"Hujanipigia tangu lini?"

"Sijakuwa na shida."

"Mtambo haujaungua tena?"

"Umeungua mara mbili. Niliandika mwenyewe. Ulipopona nikaandika tena."

Akatikisa kichwa polepole. Sikujua kama amefurahi au nimemchoma, na usoni kwa mtu asiyeona si rahisi kusoma. Nikatoa simu, nikafungua tovuti yangu.

"Nikusomee?"

"Wewe utanisomea unavyotaka mimi nisikie. Acha simu isome."

Upendo alishaniwekea simu iweze kusoma kwa sauti. Ni sauti ya mwanamke, anatamka Kiswahili kama mtu aliyelishwa wali wa pwani maisha yake yote, baridi hajawahi kuiona. Nikabonyeza, nikaweka simu kwenye mkono wa kiti chake. Ikasoma:

"Karibu Nyololo. Huku kuna baridi, njoo na sweta. Maji ya moto yapo asubuhi na jioni. Mchana hakuna. Mtambo ukiharibika tutakwambia kabla hujashuka kwenye gari, na tutakuchemshia. Una mtoto mchanga, sema, utapewa chumba cha karibu na jiko."

Sauti ikaisha. Mkono wake ulikuwa juu ya simu, vidole vinapapasa kioo kama vilivyokuwa vinapapasa ukuta kabla hajaanza kupaka.

"Mengi," akasema mwisho. "Umeandika maneno mengi."

"Punguza, kama unaweza."

Akafikiri. Niliona kabisa anafikiri, midomo inapita neno kwa neno, inajaribu kung'oa hili, inaliacha, inajaribu kung'oa lile.

"Hapana," akasema.

Nikataka kumfurahisha. Nikamwambia Upendo amebadilisha sura yote mwezi uliopita, tovuti sasa ina rangi ya kijani cha majani ya chai, juu kuna picha ya ukungu unapopanda asubuhi, na herufi ni nene, zimesimama vizuri kama alizokuwa anazipaka yeye. Nilikuwa nimeanza tu kumweleza lango lilivyopigwa picha.

Akainua mkono kunizuia.

"Hayo ni ya Upendo," akasema. "Wewe nirudishie pale pa mtoto mchanga."

Nikarudisha simu nyuma, tukasikiliza.